Boti Ikinyamaza, Shtuka

Hamriya, mtaa wetu hapa Ruwi, Muscat, haina bahari. Msee akishuka Ruwi mara ya kwanza akitokea Mombasa ama Unguja, hiyo ndio kitu inamchapa: milima ya mawe kila upande, maploti za rangi ya mchanga zimebanana, nguo zimeanikwa kwa balkoni, harufu ya bizari inatoka kwa kila hoteli. Maji ya chumvi iko nyuma ya hiyo milima, Mutrah, mwendo mfupi tu na teksi. Lakini kuja base yetu Alhamisi usiku, ushike karak na paratha imejazwa Chips Oman, halafu uniambie kama kuna story inapigwa kushinda ya boti.

Sababu ni rahisi. Ijumaa wengi wetu tuko ofu. Mbogi inachanga rial, mtu mmoja anapigia nahodha simu, asubuhi tuko Seeb ama Al Mouj tukielekea Daymaniyat, vile visiwa tisa vyenye serikali ya Oman ilifanya hifadhi 1996. Kasa wanapumua hapo kando yako, maji inang'aa kama glasi. Kwa msee ameshinda wiki nzima kwa stoo ama kwa jikoni ya watu, hiyo siku ni dawa. Na kila Alhamisi ngori ni ile ile: tuchukue boti ya V ama tuchukue kat?

Ya V ni ile ya kawaida, tumbo moja imechongoka chini. Kat ni katamarani, ile ya miguu miwili na uwazi katikati. Beshte yangu wa Likoni anaapa kwa V. Mwenzake wa Unguja anasema V ni ya wavuvi, kat ndio starehe. Mimi nimepanda zote, na kuna kitu nataka mbogi yangu ishike, juu nawapenda na nataka warudi keja wakiwa wazima.

Mwaka jana tulilipia kat flani. Boti safi, nyeupe, injini mbili fiti. Dere akatuachilia tukae mbele kabisa, kwa benchi ya omo. Kwenda ilikuwa laini hadi madem walikuwa wanasimama wakipigana picha. Kurudi, ule upepo wa mchana ulikuwa umeinuka, na dere hakupunguza mwendo. Dakika kumi hatukusikia kitu. Halafu wimbi moja ikapiga chini ya sakafu, paap, kama mlango wa lori. Ya pili ikatuinua wote kutoka kwa benchi, na venye tulirudi chini, dem mmoja wetu, anasukanga nywele hapa Hamriya, alipiga nduru yenye sijaisahau mpaka leo. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imepasuka. Alikaa wiki sita bila kazi. Na mtu akikaa wiki sita bila kazi huku, kuna watoto ocha hawaendi shule.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikiuliza kila mtu wa bahari nakutana naye. Jibu yenye ilinikaa ilitoka kwa mzee mmoja nahodha, Mwomani wa kuzaliwa Unguja, Kiswahili chake kimenyooka kama mlingoti. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniambia: "Ya V hugomba mapema, mwanangu. Hii ya miguu miwili haigombi. Ukisikia imekasirika, ujue imekasirika zamani."

Wacha nifungue hiyo maneno.

V inapasua maji kama panga. Mpaka miaka ya hamsini, boti nyingi za kasi zilikuwa na tumbo karibu bapa, na kwa bahari chafu zilikuwa zinavunja watu. Halafu Mmarekani anaitwa Ray Hunt akachora V iliyoenda ndani, kali hadi nyuma kwa tezi. 1960, Dick Bertram akaingiza boti ya hiyo michoro, Moppie, kwa shindano la Miami hadi Nassau. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Moppie ilimaliza kwa masaa nane, na wengi kati ya wenye walimaliza walifika kesho yake. Kutoka hapo dunia nzima ikahamia V, hadi hizi fiberi za wavuvi unaona zimevutwa mchangani Seeb ziko na damu hiyo hiyo.

Lakini V iko na tabia zake. Imesimama, inayumba, msee mmoja mzito akihama upande, wote mnajua. Ikikata kona inalala ndani kama nduthi, mwili wako unalala nayo, unajiskia uko salama. Ikizidishiwa mwendo inaanza kutembea kiubavu-ubavu, kushoto kulia, kushoto kulia. Na wimbi ikikua, inakupiga magoti kabla haijakupiga mgongo. Dere mwenyewe anaumia, kwa hivyo anapunguza. Huko ndio kugomba kwenye mzee alikuwa anasema.

Kat ni kitu ingine. Imekaa kwa miguu miwili yenye iko mbali, kwa hivyo haiyumbi ovyo. Wahenga wetu walijua hii maneno kitambo: angalia ngalawa na zile mbao zake mbili za pembeni, kigogo chembamba kinasimama baharini bila wasi. Injini za kat zikitengana hivyo, nahodha anapeleka moja mbele ingine nyuma, boti inajizungusha pale pale. Kwa viwimbi vidogo inateleza, chai haimwagiki. Lakini kwa kona hailali kama V. Inakaa bapa na inakurusha nje, kama mathree ikikata kona ukiwa umesimama. Kama hujashika kitu, unaenda.

Na ule uwazi wa katikati ndio roho ya story yote. Bora maji iko chini mbali na sakafu, uko peponi. Ukijaza watu na mitungi na makula, boti inazama kidogo, uwazi unapungua, na wimbi yenye ingepita inaanza kugonga sakafu. Haikuji polepole. Kuna urefu flani wa wimbi ambapo kila kitu ni poa, ukiongeza kidogo tu ni paap. Wimbi ikitoka nyuma nayo, zile pua mbili nyembamba zinaweza kuchimba ndani ya wimbi ya mbele, boti ikasimama ghafla na watu wasisimame.

Kwa kat za mashindano, hapo katikati panapita hewa, na hewa inabeba sehemu ya uzito wa boti. Ndio maana zinapaa kushinda V. Lakini omo ikiinuka zaidi kidogo, upepo unaingia chini, unabeba kitu yote na kuipindua kinyumenyume. Tarehe 3 Oktoba 1990 Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia na mume wa Caroline wa Monaco, alikufa kat yake Pinot di Pinot ikipinduka akitetea taji nje ya Monaco. Key West, Marekani, wiki moja ya mashindano Novemba 2011 ilichukua washindani watatu. Hawa walikuwa watu wa kujua kazi. Boti ya kitalii haikimbiangi hivyo, haiwezi kupaa; lakini kiburi chenye inampea dere ni kile kile, juu kiti chake hakimwambii ukweli.

Oman yenyewe inajua mwendo. 2008 ilipokea Shinas na Hormuz, kat za mita 65 zilizojengwa na Austal huko Australia, kila moja abiria 208 na magari 56, za kuunganisha Muscat na Khasab. Zilijengwa kupita noti 50, yaani zaidi ya kilomita 90 kwa saa juu ya maji. Ukubwa unasaidia sana hapo. Mita 65 na boti ya mbogi yetu ya mita kumi haziongei lugha moja. Ati kwa sababu feri kubwa imetulia, basi hii ndogo pia itatulia? Zii.

Na sisi watu wa pwani tumezika watu wa aina zote mbili. MV Skagit ilikuwa tumbo moja, imejengwa Marekani 1989 kwa maji ya ndani yaliyokingwa huko Seattle. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa kali, ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja. Kila familia ninayoijua Unguja iko na jina moja la mtu kwa hiyo boti. Halafu tarehe 5 Januari 2014, Kilimanjaro II, hiyo ni kat, ilikuwa inatoka Pemba. Hapo mkondo wa Nungwi wimbi kubwa ikapiga, watu waliokaa mbele nje wakafagiliwa baharini, wengine hawakurudi. Chombo chenyewe hakikupinduka. Kilifika bandarini. Hiyo ndio inaniumaga: chombo kikisimama wima hakimaanishi wewe umebaki ndani.

Kwa hivyo siku hizi kabla mbogi haijatoa rial, mimi ndio naongea na nahodha. Namuuliza boti inabeba wangapi kwa karatasi, nahesabu jaketi okozi na macho yangu, naangalia kama anavaa ile kamba ya kuzima injini mkononi ama imening'inia tu hapo kwa usukani. Namuuliza upepo wa saa nane utakuwaje. Akikasirika kwa maswali, tunarudi Hamriya kula mishkaki. V ama kat, sijali sana tena. Kama ni kurudi na upepo usoni, nachagua V nilowe. Kama ni asubuhi shwari na kuna mama mjamzito ama mtu wa mgongo, nachagua kat, na tunakaa nyuma, chini, karibu na katikati.

Ijumaa iliyopita tulienda na yule mzee, kwa kat yake. Dem wetu wa kusuka alikuja pia, mara ya kwanza tangu mgongo. Mzee alimwangalia venye alikuwa anapanda, hakuuliza kitu, akamwekea mto kwa benchi ya nyuma. "Kaa hapa, binti yangu, karibu na injini. Makelele yapo, lakini hapa boti hairuki."

Kurudi, saa nane na kitu, upepo ulikuja. Sakafu ikagonga mara moja, ndogo, kama mtu anabisha hodi. Nilikuwa namwangalia mkono: kabla ya pili, alikuwa ameshavuta gia nyuma, boti ikakaa chini ikaanza kutembea. Msee wa Likoni akalalamika tutachelewa. Dem wetu hakufungua hata macho. Alilala hadi Seeb, kichwa kwa bega langu, chumvi imekauka kwa nyusi.