Fani ngapi zinatosha kitabu kimoja?

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, mchezaji alijenga mhusika wake kwa kuchagua fani moja kati ya tatu: mpiganaji, mchawi au kasisi. Mwaka uliofuata, nyongeza ya kanuni iitwayo Greyhawk ikamleta mwizi, na asilimia zake za kufungua kufuli, kujificha na kupanda kuta. Kabla ya hapo mhusika yeyote aliweza kujaribu kunyata, mwongoza mchezo akaamua kama amefaulu. Uwezo huo ulipoandikwa kwa jina la mwizi, wenzake wakaonekana wamenyang'anywa. Ndiyo gharama ya fani mpya: hula sehemu ya fani zilizopo.

Unaweza basi kuacha kuongeza fani, ukampa mchezaji uhuru wa kuichonga aliyo nayo. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilielemea huko. Lilikuwa na fani 11, orodha ndefu ya vipaji, yaani uwezo mdogo mdogo wa kuchagua, na ruhusa ya kubadili fani kila unapopanda ngazi. Mpiganaji alipata vipaji 11 vya ziada katika ngazi 20, viwili kati yake katika ngazi mbili za mwanzo. Wajanja walichukua hivyo viwili, wakahama. Mgeni naye alikabidhiwa orodha nzima kabla hajarusha dado hata mara moja, na baadhi ya vipaji vilikuwa hafifu kiasi kwamba kuvichagua ni kujikomoa.

Toleo la tano, la 2014, lilikuja na fani 12 zenye matawi. Mpiganaji alikuwa na matawi matatu; kwa mfano, Champion linamfaa asiyependa hesabu, Battle Master lina mbinu za kuchagua katikati ya pambano. Wachezaji wa hulka tofauti wakaweza kukaa meza moja bila kuoneana kero. Kwangu hilo ndilo jambo bora la toleo lile. Ila mgao ulipendelea: mchawi alikuwa na matawi manane, baadhi ya fani mawili tu. Marekebisho ya 2024 yakampa kila mmoja manne.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la 2019 nayo ilianza na fani 12, lakini mchezaji huchagua kitu karibu kila ngazi. Busara yake ni kutenga mafungu: vipaji vya fani havishindani na vya stadi, hivyo kujifunza kubembeleza wafalme hakukupunguzii upanga. Kutengeneza mhusika huchukua muda, hilo halikwepeki.

Wewe unayeandika kanuni zako, anza na fani nne au tano ambazo zamu ikifika kila moja inafanya jambo lisilofanywa na nyingine. Mwenye shoka na mwenye upinde ni matawi ya mpiganaji mmoja. Anayelipia uchawi kwa uhai wake mwenyewe anastahili fani yake.