Tumbaku na Watu Wake (Sehemu ya Tano): Mvutaji Anapotoa Hukumu

Tarehe 1 Novemba mwaka 2025 Visiwa vya Maldivi vilianza kutekeleza sheria ambayo wengine wameijaribu wakaishia njiani. Kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baada ya hapo haruhusiwi kuuziwa tumbaku wala kuitumia, na marufuku hiyo itamfuata maisha yake yote. Hata mtalii anabanwa nayo. New Zealand ilipitisha sheria ya aina hii mwishoni mwa 2022, lakini serikali iliyofuata ikaifuta mwanzoni mwa 2024 kabla haijaanza kufanya kazi. Sasa majirani zetu wa Bahari ya Hindi wametangulia.

Na kweli ni majirani. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyeshuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kumsifu Sultani wa Kilwa kwa ukarimu, alikuwa kadhi huko Maldivi miaka ya 1343 na 1344. Ametuachia habari za vyakula vyao, mavazi yao na ndoa zao. Habari ya tumbaku hakuiandika, kwa kuwa jani lenyewe lilikuwa bado liko ng'ambo ya Atlantiki, kama tulivyoona katika makala ya kwanza. Nakumbusha hili kwa ajili ya wale wanaosema uvutaji ni mila ya wazee wetu tangu enzi. Wazee wetu walijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa, wakafanya biashara na Uajemi, Bara Hindi na China, na hakuna hata mmoja wao aliyevuta tumbaku. Kiko, buruma na ugoro, ambavyo nimekwisha kuvieleza, ni wageni waliokuja baadaye, na sigara ya kiwandani ni mgeni wa juzi tu.

Watu wanauliza kama katazo la Maldivi litashika. Mimi naona kwanza tuulize anayekataza ana uhusiano gani na sigara. Katika muda wote niliopenda na kusoma historia ya jani hili, hakuna lililonishughulisha kama hili: hukumu ya mtu juu ya tumbaku mara nyingi imefuata mazoea ya mkono wake, na ni wachache waliokubali ushahidi uyashinde mazoea yao.

Turudi nyuma hadi Cairo, mwanzoni mwa karne ya 17. Jani lilikuwa jipya, na wanazuoni hawakulikuta katika kitabu chochote cha wakubwa wao. Wawili walikabiliana, wote wa madhehebu ya Imam Malik. Sheikh Ibrahim al-Laqani, mtunzi wa Jauharat at-Tawhid, aliandika risala ya kuwanasihi ndugu zake waiepuke tumbaku. Sheikh Ali al-Ajhuri akaandika risala ya kuihalalisha. Hoja ya Ajhuri ilikuwa na nguvu, na wale wanaotaka kuikataa sigara leo hawana budi kuielewa vizuri. Alisema asili ya vitu ni uhalali mpaka upatikane ushahidi wa kuviharamisha. Tumbaku haiondoi akili kama pombe. Kwa hiyo si haramu kwa dhati yake, bali ni haramu kwa yule inayemdhuru. Sharti hilo la mwisho mlishike, nitalirudia.

Istanbul mambo yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya mji, Sultani Murad wa Nne alizifunga nyumba za kahawa na kuifanya tumbaku kuwa kosa la kifo. Si maneno matupu. Watu waliuawa kweli. Katip Çelebi, mwandishi ninayempenda kuliko wote wa zama zile, ameisimulia hali hiyo katika kitabu chake Mizan al-Haqq cha mwaka 1656. Anaeleza kwamba jeshi lilipokuwa safarini kwenda Baghdad, wakubwa kadhaa walikamatwa na tumbaku wakauawa kwa mateso mbele ya Sultani. Wakati wenzao wakiuawa, kulikuwa na askari waliokuwa na viko vifupi ndani ya mikono ya nguo zao, na waliiba nafasi ya kuvuta pale pale. Naomba msomaji aitafakari picha hiyo. Upanga uko mbele ya macho, na mkono bado unatafuta kiko.

Kisha akaja Bahai Efendi. Alikuwa kadhi wa Halab, Syria, na mvutaji mkubwa, na uvutaji huo ulimwondolea kazi na kumpeleka uhamishoni Cyprus. Murad alifariki mwaka 1640. Miaka michache baadaye Bahai Efendi akapanda cheo hadi kuwa Sheikh ul-Islam, mufti mkuu wa dola nzima ya Uthmaniya, na fatwa aliyoitoa ikasema tumbaku ni halali. Katip Çelebi anamtetea, anasema mufti aliangalia hali ya watu kuliko uraibu wake mwenyewe. Mimi namheshimu Katip Çelebi, ila utetezi huu siukubali. Mtu aliyepoteza kazi na mji wake kwa ajili ya kiko hawezi kupima jambo la kiko kwa mizani iliyo sawa.

Ndugu zetu Waibadhi wa Oman, ambao Zanzibar inawajua vizuri, walichagua njia nyingine. Kwao wanazuoni waliiharamisha tumbaku, na wenyewe hawakuivuta. Baadaye Sultani Said bin Taimur, aliyetawala Oman hadi 1970, alipiga marufuku kuvuta hadharani mjini Muscat. Amri zake nyingi zilikuwa nzito kwa watu wake na sizisifu. Lakini katika nyumba nyingi za Kiibadhi mtoto alikua bila kumwona baba yake wala sheikh wake akiwa na sigara, na funzo hilo halikuhitaji askari wa kulisimamia.

Sharti la Ajhuri lilikaa karne tatu likisubiri jibu: je, inadhuru? Jibu lilitoka London. Watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walikwenda katika hospitali ishirini kuchunguza kwa nini saratani ya mapafu imezidi. Doll alikuwa mvutaji, na mwanzoni alidhani lawama ni ya lami za barabara na moshi wa magari. Walipowahoji wagonjwa, na kuwalinganisha na waliolazwa kwa maradhi mengine, kati ya wanaume 649 wenye saratani hiyo wawili tu ndio hawakuwahi kuvuta. Kabla ya ripoti kuchapishwa Septemba 1950, Doll alikuwa amekwisha kuacha sigara. Mwaka uliofuata wakawaandikia madaktari wote wa Uingereza, takriban 40,000 wakajibu, na uchunguzi ukawafuatilia kwa nusu karne. Ripoti ya 2004 ikaonyesha kuwa mvutaji wa maisha hupoteza kwa wastani miaka kumi ya umri wake, na anayeacha akiwa na miaka 30 huokoa karibu yote; anayeacha akiwa na 60 bado huokoa mitatu.

Upande wa pili alisimama Ronald Fisher, mwanatakwimu mkubwa kuliko wote wa zama zake. Alikuwa mvuta kiko, na mshauri wa kulipwa wa wenye viwanda vya sigara, na hadi anafariki mwaka 1962 aliupinga ushahidi ule. Elimu yake ilizidi ya Doll. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja aliuruhusu ukweli uingie hadi mfukoni mwa koti lake, mwingine akauzuia mlangoni. Na madaktari wa Uingereza walimfuata Doll: waliacha sigara kwa wingi kabla ya wananchi wenzao, na wananchi wakawaona.

Kwetu sheria hazikosekani. Tanzania inayo ya mwaka 2003, Kenya ya 2007, Uganda ya 2015, zote zikikataza kumuuzia mtoto. Shisha ilipigwa marufuku Tanzania 2016, Kenya na Rwanda 2017. Utafiti wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wa Tanzania wanatumia tumbaku, wanaume 14.6 na wanawake 3.2, idadi ndogo ukiilinganisha na nchi nyingi.

Lakini mtaani kwetu bado mzee anamwita mjukuu, anampa sarafu akanunue sigara moja dukani, na wengine humwambia aiwashe kabisa kwenye kaa la jikoni. Mtoto anavuta pumzi ya kwanza ili moto ushike, akiwa katika utii. Hilo ni kosa kubwa, na walitendao ni watu wema. Mwalimu anavuta nyuma ya darasa, daktari nyuma ya wodi, na wanafunzi na wagonjwa wanajua. Hapa ndipo ninapoiogopea sheria ya Maldivi: inamwacha baba na sigara yake halali na kumwambia mwana kwamba kwake yeye ni mwiko. Ningependa waanze wakubwa. Ningependa walimu, mashehe, mapadre na madaktari wetu wanaovuta waache, na waseme hadharani kwamba wameacha. Najua arosto ni mateso, na anayeanguka mara ya kwanza ajaribu tena. Wenye maduka nao wakatae kumpa mtoto fegi hata akitaja jina la babu.

Nimeandikiwa pia kwamba nawasema wavutaji na kumsahau mkulima. Sijamsahau. Makala ijayo itaanzia Urambo, mahali ambapo Waingereza walishindwa kulima karanga na tumbaku ikashika nafasi yake, kwenye mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke na misitu ya miombo inayokatwa kuyalisha moto, kisha itakwenda Namtumbo kwenye tumbaku ya moshi.