Asali Imeganda? Usikimbilie Kumrudishia Mteja Hela

Baridi ya Juni na Julai ikiingia, simu ninazopokea ni za aina moja. Juzi kijana anayeuza asali hapa Kaloleni kanieleza kuwa mteja karudisha ndoo nzima: "Umetia sukari, ona ilivyoganda." Kijana akarudisha hela na kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tuelewane. Asali ina sukari rahisi kuu mbili: fruktosi, takribani asilimia 38, na glukosi, takribani 31. Maji ni kama 17 tu, hayatoshi kuyeyusha glukosi yote. Fruktosi inabaki majimaji, ila glukosi inajitenga. Molekuli zake zinajipanga safu kwa safu, kila moja ikishika molekuli moja ya maji, na hizo ndizo punje unazoziona. Zinaanzia kwenye chembe ya chavua au nta. Joto la nyuzi 14 hivi ndilo linaloharakisha zaidi, na usiku wa Arusha kipindi hiki hauko mbali na hapo.

Kwa hiyo kuganda si ushahidi wa uchakachuaji. Lakini nawe usimwambie mteja kwamba kuganda kunathibitisha usafi, maana hata asali iliyochanganywa inaweza kuganda. Ukweli unatoka maabara, si kwenye njiti ya kiberiti.

Hatari halisi iko kwingine. Punje zikijitenga, umajimaji unaobaki unakuwa na maji mengi zaidi, na hapo chachu inapata nafasi. Ukiona povu na harufu ya pombe, ujue ulivuna mapema.

Fanya hivi:

1. Vuna masega ambayo nyuki wameziba angalau robo tatu.
2. Pima maji kwa refraktomita. Yasizidi asilimia 20. Chini ya 18 ni salama zaidi.
3. Chuja vizuri, funga kifuniko kikaze.
4. Ikiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, na uwe na subira. Usiibandike jikoni; moto mkali unaharibu vimeng'enya na harufu.
5. Andika kwenye lebo: "Asali hii inaweza kuganda wakati wa baridi. Haijaharibika."

Sentensi hiyo fupi ingemwokolea yule kijana ndoo nzima. Mweleze mteja kabla hajanunua. Ukisubiri alalamike, maelezo yako yatasikika kama kujitetea.