Upepo wa Magharibi Juu ya Ziwa Ontario

Waendesha pikipiki za theluji wa Tug Hill, kaskazini mwa Jimbo la New York, huulizia kwanza habari za upepo. Baridi itakuja tu, hawana shaka nayo. Wanachotaka kujua ni kama upepo utatoka magharibi, na kama utashikilia njia hiyo usiku kucha.

Sababu ni ziwa. Ontario lina urefu wa kilomita 311, magharibi hadi mashariki, na kina kinachofika mita 244. Kina hicho hulihifadhia joto la kiangazi, hata Januari sehemu kubwa ya maji huwa haijaganda. Hewa kavu ya Kanada ikipita juu yake huchukua joto na mvuke, huwa nyepesi, hupanda, na kujenga mawingu. Watabiri huanza kukaa macho pale uso wa ziwa unapoizidi joto hewa ya mita 1,500 hivi juu yake kwa nyuzi 13 za Selsiasi. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua nguvu hiyo kwa sura nyingine: dhoruba za usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto.

Upepo ukilikata ziwa kwa upana, theluji hutawanyika. Ukifuata urefu wake, mawingu hujikusanya katika ukanda mmoja mwembamba, na mbele ya ukanda huo ndipo vilipo vilima vya Tug Hill, vinavyozidi mita 600 na kuisukuma hewa juu zaidi. Kijiji kimoja hufukiwa, cha jirani kinaota jua. Ndiyo maana kazi ya watabiri hawa naiheshimu sana: upepo ukigeuka kidogo tu, ukanda wote huhama.

Januari 1997, huko Montague, kwenye Tug Hill, mpimaji aliripoti inchi 77 za theluji, karibu mita mbili, ndani ya saa 24. Kamati ya wataalamu ilikataa kuitambua kuwa rekodi ya taifa, kwa sababu alipima mara sita badala ya nne. Theluji hujishindilia kwa uzito wake. Ukiipima na kuifagia mara kwa mara, jumla hupanda. Kamati ilitenda haki, na bado ilikuwa theluji ya kutisha.

Pikipiki ya theluji yenyewe ina historia ya majonzi. Mwaka 1934, fundi Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mwanawe mdogo; theluji ilikuwa imeziba njia ya kwenda hospitali. Tangu ujana alikuwa akiunda magari ya theluji, na mwaka 1959 akatoa Ski-Doo, chombo chepesi chenye skii mbili za kuongozea na mkanda mpana wa mpira unaosambaza uzito ili kisizame.

Lakini theluji ya ziwa ni laini mno, imejaa hewa: sentimita 20 zake zikiyeyuka huweza kuacha sentimita moja tu ya maji. Ikiwa mbichi, hata mkanda mpana huzama. Tena huzuia baridi kama blanketi, hivyo barafu ya vijito na madimbwi chini yake hubaki nyembamba, na dereva haioni. Kwa hiyo dhoruba ikipita, subira ya siku moja ina thamani kubwa: matrekta ya kushindilia njia yatangulie, pikipiki zifuate.