MIEZI SITA YA VIDONGE, MIEZI MIWILI YA SHERIA



Katika toleo hili hatuandiki habari za mishahara wala za saa za ziada. Tunaandika habari za kikohozi. Huenda wengine wakasema kwamba hiyo ni kazi ya madaktari, chama na kishughulike na mambo ya chama. Sisi pia tungekuwa na mawazo hayo hayo, kama tusingalimzika mwenzetu mmoja ambaye ugonjwa wake una dawa.

Mwenzetu huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja hapa Uganda. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya jamaa zake. Alikohoa kwa muda wa miezi mitatu akificha makohozi ndani ya leso, kwa sababu alijua kwamba msimamizi akitambua atamtoa kazini. Alipokwenda zahanati alikutwa na kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa, akapewa karatasi ya kupumzika. Mwezi wa kwanza alilipwa mshahara. Mwezi wa pili hakulipwa. Mwezi wa pili ulipokwisha alipewa barua ya kuachishwa kazi.

Alipokosa mshahara alikosa pia nauli ya kwenda kuchukua dawa. Na kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimekatika na hamu ya chakula imerudi, alidhani amepona. Akarudi kijijini kwao. Mwaka haukwisha, ugonjwa ukarudi, na safari hii dawa zile za kwanza hazikumfaa.

Yatupasa tuseme na kosa letu. Kabla ya barua ile, fundi huyo alikuja katika mkutano wa tawi. Alipoketi, watu wakasogea mpaka mwisho wa benchi. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimetengwa siku nyingi. Sisi viongozi tuliyaona hayo tukanyamaza, na wengine wetu tulisogea pia. Faili lake hatukulifungua. Tulisema ni mambo ya hospitali. Tunaandika haya kwa aibu, ili tawi lingine lisifanye kama sisi.

DAWA ILIVYOTAFUTWA

Baada ya msiba ule tulianza kuuliza: kwa nini dawa za ugonjwa huu ni za miezi mingi hivi, na mtu ajisikie mzima kabla hazijaisha? Jibu lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imefanyika katika nchi zetu.

Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa 107, na matokeo yakatangazwa mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipata sindano hizo, na 52 walipumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Watu walifurahi. Lakini furaha haikudumu. Vijidudu vilijifunza kuizoea dawa ile moja, na wengi waliopata nafuu waliugua tena. Hapo ndipo madaktari walipofahamu kwamba adui huyu hapigwi na askari mmoja. Dawa lazima ziwe mbili au tatu kwa pamoja, ili kijidudu kinachoponyoka huyu kikamatwe na yule.

Swali la pili lilikuwa la mahali. Zamani mgonjwa wa kifua alipelekwa mbali na watu, alale kitandani mwaka mzima au zaidi. Mfanyakazi gani anaweza kuacha watoto kwa muda huo? Mwaka 1956 uchunguzi ulianzishwa katika mji wa Madras, nchini India. Wagonjwa 193, wengi wao maskini wanaoishi katika nyumba zilizojaa watu, waligawanywa kwa kura. Wengine walilazwa, wengine walitibiwa nyumbani kwao kwa dawa zile zile. Mwaka 1959 majibu yalitolewa: wa nyumbani walipona karibu sawa na wale waliokula vizuri na kulala hospitali. Tena jamaa waliokaa na wagonjwa nyumbani hawakuambukizwa zaidi ya jamaa za waliolazwa. Basi kinachoponya ni dawa kufika tumboni kila siku. Kitanda peke yake hakiponyi.

KAZI ILIYOFANYWA AFRIKA MASHARIKI

Swali la tatu lilikuwa la muda, na hili ndilo lililojibiwa kwetu. Katika miaka ya 60 mgonjwa wa Afrika Mashariki alimeza dawa kwa miezi 18. Zilichaguliwa isoniazidi na thiasetazoni kwa sababu zilikuwa rahisi kwa bei. Lakini miezi 18 ni mingi. Mtu huhama, hufiwa, hupata kibarua mji mwingine, hulima na kuvuna zaidi ya mara moja. Wengi waliacha njiani.

Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Mashariki, likishirikiana na lile la Uingereza, lilifanya majaribio katika hospitali za Afrika Mashariki na Zambia. Wagonjwa walipewa streptomaisini na isoniazidi kwa miezi sita tu. Kundi moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine thiasetazoni, na jingine halikuongezewa kitu. Kisha walifuatwa ili ionekane nani ataugua tena. Matokeo yalianza kutangazwa mwaka 1972. Katika kundi ambalo halikuongezewa kitu, wagonjwa kama 29 katika kila 100 waliugua tena. Kwa thiasetazoni walikuwa kama 22. Kwa pirazinamidi walikuwa kama 8. Kwa rifampisini walikuwa kama 3 tu.

Ndugu mfanyakazi, tazama tofauti hiyo. Miezi ni ile ile sita, sindano ni zile zile, lakini dawa moja ya nyongeza iliokoa watu wengi. Sababu yake inaeleweka hata kwa sisi tuliosoma shule ya msingi. Vijidudu vya kifua kikuu haviko katika hali moja. Vingine vinazaana kwa haraka, na hivyo isoniazidi huviua upesi. Ndiyo maana kikohozi hupungua katika wiki za mwanzo. Vingine vimelala tu kama makaa chini ya majivu. Ukitazama juu unaona moto umezimika, ukiondoka upepo unaufufua. Rifampisini na pirazinamidi ndizo zinazofukua majivu hayo. Fundi wetu alizima moto wa juu akaacha makaa.

Wagonjwa waliokubali kuingia katika majaribio yale hawakuandikwa majina yao katika vitabu. Lakini kila mtu anayetibiwa kwa miezi sita leo, hapa kwetu au nchi za mbali, anafuata njia waliyoikanyaga wao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika mwaka 1977, na wazee wa reli wanakumbuka jinsi hata mabehewa yalivyogawanywa. Elimu hiyo haikugawanywa.

Elimu hiyo ilikuwa pia na funzo chungu. UKIMWI ulipoingia, kifua kikuu kilipata mlango wazi. Mwaka 1991 uchunguzi wa Nairobi ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya UKIMWI, mtu mmoja katika kila watano waliopewa thiasetazoni alipata madhara ya ngozi, na wengine walikufa kwa ngozi kubanduka. Dawa iliyokuwa rahisi kwa bei ikawa ghali kwa roho za watu, ikaachwa. Ndiyo maana hatukubali anayesema kwamba dawa ya maskini haihitaji kupimwa tena.

DAFTARI NA JIRANI

Kuwa na dawa nzuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha mtu anaimaliza. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alisaidia kuutengeneza. Alisisitiza mambo ambayo katibu yeyote wa tawi anayafahamu: daftari moja kwa kila wilaya, kila mgonjwa aandikwe, na kila robo mwaka ihesabiwe ni wangapi wamepona, wangapi wamekufa na wangapi wamepotea. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni hatari ya dunia nzima, utaratibu huo ndio uliosambazwa kwa mataifa.

Hapa Uganda wilaya ya Kiboga ilijaribu jambo jingine. Badala ya mgonjwa kulazwa au kusafiri kila siku, wanakijiji walimchagua mtu wa karibu naye amshuhudie akimeza vidonge. Wagonjwa wapya waliotibiwa vyema walipanda kutoka 56 kwa mia hadi 74 kwa mia, na gharama zikapungua. Mtu huyo hakuwa daktari. Alikuwa jirani mwaminifu.

Sisi tunauliza: kama jirani wa kijijini anaweza, mwenzetu wa kazini atashindwaje?

HESABU YA SHERIA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye bado hajiwezi, mwajiri anaruhusiwa kukatisha mkataba. Dawa za kawaida za kifua kikuu ni za miezi sita: miezi miwili dawa nne, kisha miezi minne dawa mbili. Ukiziweka hesabu hizi pamoja unaona shimo alimoangukia fundi wetu. Waajiri wengine husoma "miezi sita" wakadhani ni miezi sita ya kulala nyumbani.

Sivyo. Mgonjwa anayemeza dawa zinazofaa huacha kuambukiza mapema, mara nyingi baada ya wiki chache, na daktari humpima makohozi ili kuthibitisha. Wengi wanaweza kurudi kazini kabla miezi miwili haijaisha, huku wakiendelea na vidonge. Ugonjwa huu hauenezwi kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Huenezwa kwa hewa, hasa ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mtu ambaye bado hajaanza dawa. Kwa hiyo anayefukuza wagonjwa anawafundisha wengine kujificha, na anayejificha ndiye anayetuambukiza.

Mwaka uliofuata mama mmoja wa idara ya kufungasha, katika kiwanda kingine, alikutwa na ugonjwa huo huo. Safari hii tulikwenda kwa meneja tukiwa na karatasi ya daktari na kalenda. Tulimwonyesha siku ya kuanza dawa, siku ya kupimwa makohozi, na siku ambayo daktari aliruhusu arudi. Tuliomba ruhusa ya saa mbili siku za kuchukua dawa, bila kukatwa mshahara. Meneja alisema, "Na wengine wakiogopa?" Tukamjibu kwamba kazi ya kuwaelimisha wengine ni yetu. Mjadala ulichukua siku tatu. Alikubali. Mwenzake wa meza moja alikuwa shahidi wa vidonge vyake kila asubuhi. Mama yule alimaliza miezi sita, na bado yuko kazini.

Alituambia jambo moja ambalo hatukulitarajia: kilichomsaidia zaidi ya saa mbili zile ni kwamba hakuachwa peke yake mezani. Upweke nao ni ugonjwa. Mwaka 2003 ulitangazwa uchunguzi wa vijiji 30 katika sehemu za Masaka na Rakai. Watu wenye huzuni kubwa walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi. Mwishoni waliobaki na ugonjwa wa huzuni walikuwa kama 6 au 7 kwa mia, na katika vijiji visivyopata vikundi walikuwa karibu 55 kwa mia. Chama ambacho wanachama wake hukutana kila mwezi kinayo tayari nusu ya dawa hiyo, kikitaka kuitumia.

TUFANYE NINI?

1. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Tawi limwombee ruhusa kabla hajaiomba mwenyewe.

2. Kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuwa mashahidi wa vidonge. Siri ya mgonjwa ni siri.

3. Katika mapatano ya pamoja tudai kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aliye katika dawa asiachishwe kazi, na ruhusa ya zahanati isikatwe mshahara.

4. Madirisha ya karakana yafunguliwe. Wenzetu wa machimbo wadai maji ya kuzuia vumbi la mawe, maana vumbi hilo hufungua njia ya kifua kikuu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1934 ulikwisha kulitaja pafu la vumbi, pamoja na kifua kikuu au bila hicho, kuwa ugonjwa wa kazi unaostahili fidia.

Uchunguzi haujasimama. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba dawa mpya zinaweza kumponya mtu mzima kwa miezi minne, na wagonjwa wa Kampala walikuwamo. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba watoto wenye ugonjwa mwepesi wanatosheka na miezi minne pia. Watoto hao zaidi ya 1,200 walitoka Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Hata hivyo mwaka 2023 watu milioni 1.25 duniani walikufa kwa ugonjwa huu. Madaktari wameipunguza miezi kutoka 18 hadi 6, na sasa 4. Miezi miwili ya sheria haitaongezwa na daktari. Hiyo ni kazi yetu.

Na katika mkutano ujao wa tawi, mwenzetu anayekohoa akiketi, mtu asisogee. Afunguliwe dirisha, apewe chai, na baada ya mkutano asindikizwe zahanati.