Kijana Anayeikimbia Nyumba Anahitaji Mlezi Kwanza

Katika majimbo mengi ya Marekani, kijana ambaye hajatimiza umri wa utu uzima anaweza kwenda mahakamani kuomba atambuliwe kuwa mtu mzima. Akikubaliwa, wazazi hupoteza mamlaka juu yake: hawaamui tena aishi wapi, asome wapi wala mshahara wake utumikeje. Habari za tamko hilo la mahakama zimetufikia zaidi kupitia maisha ya wasanii. Drew Barrymore, mwigizaji wa filamu, alilipata California akiwa na miaka 14. Tangu hapo limejengeka wazo kwamba mtoto aliyechoshwa na vipigo, ulevi au matusi ya nyumbani ana njia ya kisheria ya kujikomboa, na kwamba nchi isiyo na njia hiyo imemtupa. Wazo hilo linazungumzwa leo hata katika familia za Waswahili zilizohamia Marekani, zikiwemo za wakimbizi wa Kongo waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu maumivu yanayolizaa ni ya kweli. Lakini ukiisoma sheria yenyewe kwa makini, unaona kwamba haikutungwa kwa ajili ya mtoto anayeumizwa, na kwamba kumwelekeza huko kunaweza kumwongezea madhara.

Tuichukue sheria ya California, ambayo iko wazi kuliko nyingi. Huko kijana hutambuliwa mtu mzima kabla ya wakati kwa njia tatu: akifunga ndoa halali, akiingia katika utumishi wa jeshi, au akipata tamko la mahakama. Anayeomba tamko lazima awe ametimiza miaka 14. Lazima awe anaishi mbali na wazazi wake kwa hiari yake, nao wawe wameridhia au wamenyamaza bila kupinga. Lazima awe anasimamia fedha zake mwenyewe, na kipato hicho kisitokane na uhalifu. Baada ya hayo yote hakimu huangalia kama tamko halitakuwa kinyume na maslahi ya kijana. Angalia masharti hayo yanavyodai. Hayamuulizi mwombaji ameumia kiasi gani. Yanamuuliza analala wapi, analipa kodi kwa fedha gani, na kama maisha hayo yatadumu. Sheria inathibitisha maisha ambayo tayari yamesimama. Haina chumba, chakula wala ada ya kumpa asiyekuwa navyo. Aliyetoroka juzi usiku akiwa na begi la shule, anayelala leo kwa rafiki na kesho hajui kwa nani, hataweza kujibu hata swali moja kati ya hayo. Na huyo ndiye anayetoka katika nyumba yenye matatizo.

Tuseme ameweza. Anapata nini? Anaweza kutia saini mkataba, kukubali matibabu bila idhini ya mzazi, kushtaki na kushtakiwa, kununua mali, kuandika wosia. Ni haki nzito, lakini hazimfanyi mtu mzima kamili. Hatapiga kura mpaka afikishe 18 wala kununua pombe mpaka 21. Lazima aendelee na shule, na sheria za saa za kazi kwa watoto bado zinamhusu, kwa hiyo hawezi kufanya kazi saa zote ambazo kodi ya nyumba inazidai. Upande wa pili wa mizani ndio unaosahaulika: huko California wazazi huondolewa wajibu wa kumtunza. Baba aliyekuwa akimpiga sasa hadaiwi senti. Kijana akifilisika na kukosa namna ya kujikimu, mahakama inaweza kulifuta tamko na kumrudisha katika hadhi ya mtoto, yaani mahali pale pale alipoanzia. Michigan, ambako mwombaji lazima awe na miaka 16, ilijaribu kuziba pengo hili kwa kuwaachia wazazi wajibu wa matunzo hata baada ya amri, ingawa haiwabebeshi madeni ya kijana. Hatua hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, huko nako mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba anaweza kusimamia maisha na fedha zake.

Wanaotetea njia hii hupenda kutaja shauri la Florida la mwaka 1992, ambapo kijana wa miaka 12 alisimama mahakamani dhidi ya mama yake mzazi, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba mtoto amewapa wazazi wake talaka. Shauri hilo hutajwa vibaya. Mtoto yule hakuomba kuishi peke yake. Alikuwa amezungushwa katika malezi ya serikali kwa miaka, kisha akapata familia iliyotaka kumwasili, naye akaomba haki za mama yake zikomeshwe ili awe mtoto wa familia hiyo. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilisema mtoto mdogo hana uwezo wa kisheria wa kufungua shauri kama hilo kwa jina lake, lakini ikaacha uamuzi wa kukomesha haki za mama usimame, kwa kuwa baba mlezi naye alikuwa amewasilisha ombi lake. Kwa maneno mengine, kesi inayoshikwa kama bendera ya watoto kujitenga ni kesi ya mtoto aliyekuwa akitafuta wazazi. Nadhani hicho ndicho wanachokitafuta wengi wanaosema wanataka uhuru: wanataka mtu mzima asiyeumiza.

Ushahidi mwingine uko katika mwelekeo wa sheria za Marekani zenyewe. Kwa muda mrefu, vijana waliolelewa na serikali kwa sababu ya ukatili au kutelekezwa waliachiliwa katika majimbo mengi mara tu walipofikisha miaka 18. Watafiti wa Chapin Hall katika Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia vijana wa aina hiyo katika majimbo ya Illinois, Iowa na Wisconsin, na wakakadiria kwamba kufikia umri wa miaka 26, kati ya asilimia 31 na 46 walikuwa wamewahi kukosa mahali pa kuishi angalau mara moja. Illinois ilikuwa ikiwaruhusu kubaki chini ya malezi hadi miaka 21, na huko vijana wengi zaidi walijiunga na elimu ya juu. Mwaka 2008 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyasaidia majimbo yote yaongeze malezi hadi umri huo, na California ikapitisha yake mwaka 2010. Kama taifa tajiri kiasi hicho limekiri kwamba kijana wa miaka 18 aliyetoka katika nyumba iliyovunjika bado anahitaji kushikwa mkono, ni vigumu kuona kwa nini mwenzake wa miaka 15 mwenye majeraha yale yale aambiwe kwamba dawa yake ni kujitegemea.

Pingamizi la kwanza ni zito, na wanaolitoa mara nyingi ni vijana wenyewe. Wanasema: mnatuambia tusubiri ulinzi, na ulinzi hauji. Afisa wa ustawi anakuja mara moja, anazungumza na wazazi sebuleni, anaondoka, na usiku kipigo kinakuwa maradufu. Nyumba za malezi nazo zina ukatili wake. Ni kweli, na sitaki kuipunguza. Ndiyo maana sisemi mlango huu ufungwe. Kijana wa miaka 17 mwenye ajira, mwenye chumba, anayekaribia kumaliza shule, ambaye mama yake anachukua mshahara wake au anamtishia kila anapotia saini karatasi, anastahili tamko hilo na apewe haraka. Lakini kwa wengi walio chini ya umri huo, hata California ina njia inayowafaa zaidi na isiyojulikana sana: mtoto wa miaka 12 au zaidi anaweza yeye mwenyewe kuiomba mahakama imteulie mlezi, awe bibi, shangazi au mtu mwingine mwema. Mamlaka ya wazazi yanasimamishwa, na mtoto anabaki na mtu wa kumjibia. Kijana wa miaka 15 anayeishi mbali na wazazi na kusimamia fedha zake anaweza kukubali matibabu bila tamko lolote. Na tangu 1987 sheria ya nchi inawalinda wanafunzi wasio na makazi wasinyimwe shule. Udhaifu wa walinzi unadai tuwaimarishe na kuwabana, maana kumwondolea mtoto jina la mtoto kunawaondolea wao kazi na kumwachia yeye hatari.

Huku kwetu hali ina sura yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na haina utaratibu wa kumtangaza mtu mzima kwa ombi lake. Ina Mahakama ya Watoto, amri za kumweka mtoto chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, malezi ya kambo, na nafasi ya ndugu anayemlea mtoto kuomba apewe malezi hayo kisheria. Kenya nayo ilitunga upya sheria yake ya watoto mwaka 2022. Kinachonisumbua ni milango isiyo rasmi. Binti anayeikimbia nyumba ya ukatili mara nyingi hutokea kwa mlango wa kazi za ndani katika nyumba ya watu asiowajua, au kwa mlango wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, na Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, zikaona kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Huo ulikuwa uhuru wa mapema wa aina yetu: kumtoa mtoto chini ya mamlaka ya baba na kumweka chini ya mamlaka ya mume.

Wazee wengine watapinga kutoka upande wa pili. Watasema mtoto akishajua kwamba mahakama inaweza kumtoa kwa wazazi, kila anayekatazwa simu ataenda kushtaki, na familia zitavunjika. Hofu hiyo haina msingi katika namna sheria inavyofanya kazi. Afisa huchunguza, wazazi husikilizwa, hakimu hupima, na amri ya kumtoa mtoto huja pale tu madhara yanapoonekana. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, unaotaka mtoto asikilizwe katika mashauri yanayomhusu, unamtaka pia aheshimu wazazi na wazee. Hayo mawili yameishi pamoja kwetu tangu zamani. Mtoto aliyezidiwa alikimbilia kwa bibi au kwa mjomba, na bibi hakumrudisha mpaka baba aitwe na kuulizwa mbele ya watu. Sheria ya malezi ya ndugu inauendeleza utaratibu huo na kuupa karatasi, ili baba asije kesho akamvuta mtoto kwa nguvu.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa na ambaye nyumbani kwako hapakaliki: kabla ya kutafuta namna ya kuishi peke yako, taja jina la mtu mzima mmoja unayemwamini, umweleze yote, na umwombe aende nawe kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Na wewe shangazi, mwalimu au jirani utakayeambiwa, usimwambie avumilie. Sheria ya Tanzania inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Tanzania, Kenya na Uganda zina simu ya msaada kwa watoto yenye namba moja, 116, na kuipiga ni bure.