Taa ya Nyuma ya Motokaa na Kasha Lake

Taa za mbele za motokaa humsaidia dereva kuona. Taa za nyuma humsaidia kuonekana. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hazioni akiwa safarini, ni rahisi kuzisahau. Lakini motokaa isiyo na taa nyekundu gizani ni kama kisima kisicho na kifuniko: lori lijalo nyuma halina habari nayo mpaka limekwisha igonga. Kwa hiyo leo twapenda kueleza jinsi ya kulitengeneza kasha la taa hiyo lipatapo ufa, hasa katika motokaa za zamani, ambazo vipuri vyake ni adimu.

Ufa wenyewe hauizimi taa. Kinachoizima ni maji. Umeme hutoka katika betri kwa waya, hupita katika globu, kisha hurudi kwa njia ya bodi ya chuma. Maji yakiingia kashani huleta kutu, na kutu huiziba njia ya kurudi. Ndipo taa hufifia, au taa ya kugeukia humulika dereva akanyagapo breki, maana umeme umetafuta njia nyingine. Wengi hununua globu mpya, kumbe globu haina kosa.

Kwanza tufungue waya wa betri, ndipo tulitoe kasha, tulioshe kwa maji na sabuni, tulikaushe. Kama ni la plastiki, yatupasa kujua ni plastiki gani. Tukwangue kipande kidogo mahali pasipoonekana, tukitie majini na kukizamisha kwa kidole. Kikielea, yaelekea ni polipropilini, ambayo gundi nyingi haziishiki. Hiyo huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa chuma cha moto, mahali penye hewa nyingi. Kikizama, huenda ni ile iitwayo ABS, ambayo huyeyuka katika asetoni. Tone moja la asetoni likiifanya inate, tumekwisha ijua.

Sasa tutoboe tundu dogo la milimita 2 au 3 penye ncha ya ufa. Ncha kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na ufa huendelea kila gari litikisikapo. Tundu la mviringo huzitawanya. Kisha vipande vya kasha bovu la ABS hiyo hiyo tuviloweke katika asetoni, ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa, mpaka viwe kama uji mzito. Tuupake uji huo upande wa ndani juu ya wavu mwembamba wa waya, tuuache siku mbili ukauke. Asetoni hushika moto upesi. Isikaribie jiko wala sigara.

Kile kifuniko chekundu kisiguswe na asetoni, kwani hupasuka vijiufa vingi. Kipande chake kikipotea, mwanga mweupe hutokea nyuma, na ajaye hudhani motokaa inamwelekea. Heri kutafuta kifuniko kingine.

Kabla ya kufunga, tusugue kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, tupake grisi kidogo, tutie mpira mpya. Kile kitundu kilicho chini ya kasha tusikizibe; hutoa unyevu. Globu yenye nyuzi mbili huwa na wati 5 za taa na 21 za breki, na vijiti vyake haviko sawa kimo, ili isitiwe kinyume. Tuangalie na volti: motokaa nyingi ni za volti 12, lakini Volkswagen nyingi za kabla ya 1966 ni za 6.

Mwisho tuirudishe betri, tumwagie taa maji, na mtu mmoja akanyage breki huku mwingine akitazama kutoka nyuma, hatua hamsini. Akiiona taa vema, na ndani pakiwa pakavu, kazi imekwisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa barabarani hujengwa kwa damu.